Mistari ya Njano

Mvua za mwaka ule ziliuvamia mji wa Tamale kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Barabara zilizokuwa zikitimua vumbi jekundu tangu upepo wa harmatani ziligeuka uji mzito. Waendesha pikipiki walifunga mifuko ya nailoni miguuni, wauza waakye, wali wa kunde, wakahamishia masufuria yao chini ya mapaa ya maduka, na mafundi wa kushona fugu wakafunga madirisha ya upande wa mashariki ili majoho ya wateja yasirowe. Hata hivyo watu walicheka, kwa maana mvua ni riziki. Waliokosa raha ni wale wenye ndugu kandokando ya mto.

Juu ya duka la fundi mmoja wa fugu palikuwa na ofisi iliyoitwa Sauti ya Mto. Wakulima wa mtoni waliijua kwa masikio tu. Mtu alipiga namba ya bure kwenye simu yake, hata ile ya vitufe, akasikia sauti ya kijana ikimweleza kwa Kidagbani hali ya maji: yametulia, yanapanda, au kimbieni. Mtoni zilisimikwa nguzo za vipimo, kutoka mpakani kuteremka na mto, nazo zilituma kina cha maji ofisini kila mara. Programu ilivipokea vipimo hivyo, ikaipima hatari, kisha ikachagua maneno ya kusikika simuni. Bwawa la ng'ambo ya mpaka lilipofunguliwa malango, maji yaliteremka kama ng'ombe waliovunja zizi, na asiyeonywa mapema hakupata hata muda wa kuvaa viatu.

Sauti ile ilikuwa ya Napari, mwandishi mkuu wa programu hiyo. Alizaliwa Kulyili, kijiji cha kando ya mto, akalelewa na mjomba wake, mzee Tiyumba, baada ya baba yake kufariki. Ofisi ilipotafuta mtu wa kurekodi, Hajia Zenabu, mkuu wao, alisema, "Napari ana sauti ya mtu aliyeshiba. Hiyo itawatuliza watu." Napari akarekodi, na Kulyili nzima ikavimba kichwa. Mzee Tiyumba aliipiga namba ile kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, na mara nyingine jioni bila sababu yoyote, amsikie tu mtoto wake.

Napari alikuwa hodari wa kazi. Vidole vyake vilikimbia juu ya kibodi kama fimbo ya mpiga ngoma ya lunga siku ya sherehe ya Damba. Lakini ndani alikuwa mtu wa wasiwasi. Usingizi wake ulikuwa mwepesi, chakula hakikumshuka kazi ilipokaribia tarehe yake, na jambo lililomchoma kuliko yote ni kusahihishwa.

Ndiyo maana hakupatana na mkaguzi.

Mkaguzi hakuwa mtu. Kilikuwa kiprogramu kidogo ambacho Wumpini, mwenzake wa meza ya pili, alikifunga ndani ya kihariri walichoandikia msimbo, yale maandishi yanayoiamuru programu. Kazi yake ilikuwa kusoma kila mstari papo hapo mtu anapoandika. Kosa la wazi kililipigia mstari mwekundu. Jambo la kutilia shaka kililipigia mstari wa njano, na pembeni kikaandika neno la onyo. Ofisi ilikubaliana kwamba msimbo wowote usitoke kwenda kazini ukiwa na mstari wa njano hata mmoja. Wumpini, ambaye hata vijiko vyake vya chai alivipanga kwa ukubwa, alikikaza mkaguzi kikawa kikali kama mwalimu wa madrasa. Kilinung'unikia nafasi iliyozidi, kikanung'unikia mstari mrefu, kikanung'unikia alama za kunukuu.

"Wumpini, hebu njoo uone," Napari aliita asubuhi moja, uso ameukunja. "Ukurasa mzima una homa ya manjano! Nimekosa nini hapa? Nimeacha nafasi mbili badala ya moja. Kuna mkulima atakufa kwa nafasi mbili?"

"Futa moja basi, kaka. Kidole chako kitavunjika?"

"Ah! Nyie watu wa Yendi mmezoea kukaa karibu na mfalme. Kila kitu kwenu mpaka kipigiwe magoti."

"Na nyie watu wa mtoni," Wumpini akajibu bila kuinua macho, "mnaona uchafu wote utachukuliwa na maji."

Hajia Zenabu alicheka hadi miwani ikamteleza puani. Napari naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika moyoni. Kila mstari wa njano uliotokea ulimfanya ajihisi kama mtu anayesimamiwa begani na askari. Alirekebisha mmoja, ukazuka mwingine. Na kwa kuwa mingi ilihusu mambo ya upuuzi, polepole alianza kuamini kwamba yote ni upuuzi.

Agosti ilipokaribia kwisha, Hajia aliingia ofisini akiwa amevaa kilemba cha heshima, dalili kwamba ametoka kuonana na wakubwa.

"Maofisa wa mkoa wanakuja Alhamisi," alisema. "Wanataka kuona programu mpya ikifanya kazi kabla bwawa halijafunguliwa. Wakiridhika, tutawekewa nguzo hadi vijiji vya chini kabisa. Napari, mwanangu, tutakuwa tayari?"

"Inshallah, Hajia."

"Inshallah ya kweli au ile ya fundi cherehani?"

"Ya kweli," Napari akasema, akaigeukia kibodi.

Wumpini hakuwapo wiki ile. Dada yake alikuwa amejifungua, naye alikwenda Yendi kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina. Kwa kawaida yeye ndiye aliyesoma kazi ya Napari kabla haijatoka. Sasa Napari alibaki peke yake na skrini, mvua ikilipiga bati kama changarawe, na Alhamisi ikimjia kama gari lisilo na breki.

Sehemu aliyokuwa akiiandika ilihusu nguzo isiyojibu. Nguzo ikinyamaza, ama kwa betri kwisha, ama kwa mtandao kukatika, ama kwa kung'olewa na maji, programu hujikwaa. Mwandishi anapaswa kutega wavu wa kulidaka kosa hilo, kisha aiambie programu la kufanya. Napari aliutega wavu. Alijua vizuri kinachotakiwa chini yake: simu za wote watatu wa ofisini zipigwe, na wakulima waambiwe kwamba hali ya mto haijulikani, wakae mbali. Lakini hayo yalihitaji maneno mapya yarekodiwe na majaribio marefu yafanywe. "Nitarudi kesho," alijisemea. Kwa muda, chini ya wavu akaandika neno moja tu linaloiambia programu ipite zake kama vile hakukutokea kitu.

Mara mstari wa njano ukatandazwa chini ya neno lile. Pembeni pakaandikwa: *Kosa limedakwa, lakini hakuna kilichofanywa.*

"Najua!" Napari alifoka ofisini peke yake. "Najua, nimekwambia nitarudi!"

Mkaguzi hakikujua kukasirika wala kubembeleza. Mstari ulikaa palepale. Juu yake ulikuwapo mwingine uliolalamikia nafasi, na chini yake mwingine uliolalamikia urefu, yote rangi moja, yote ukubwa mmoja. Napari alihisi kwamba asipoifuta ile njano machoni pake, hataweza kuandika herufi nyingine. Akafungua mipangilio ya kihariri, akakitafuta mkaguzi, akakizima.

Skrini ikawa nyeupe, safi, kimya. Napari akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la viazi vikuu. Akaandika hadi alasiri bila kusimama, na kazi ikamwendea kama maji ya mteremko.

Alhamisi maofisa walikuja, wakakaa, wakanywa soda. Mmoja akaipiga namba kwa simu yake mwenyewe, akaisikia sauti ya Napari, akatikisa kichwa kwa mshangao. Hajia aliwasindikiza akiwa na furaha ya bibi harusi. Kulikuwa na pongezi, kulikuwa na kuku wa kuchoma na wali wa jolofu uliotumwa kutoka mgahawa wa jirani, na katika shangwe hiyo ile kesho ya Napari ikapita, ikafuatwa na nyingine. Wumpini aliporudi alikuta programu imeshaanza kazi na kila mtu anasifu. Akauliza, "Mkaguzi kilisemaje?" Napari akajibu, "Safi kabisa." Hakuona kwamba amesema uongo. Skrini yake si ilikuwa safi?

Siku chache baadaye redio ilitangaza kwamba bwawa la juu limeanza kufunguliwa. Ofisi ilikaa macho. Asubuhi ya kwanza maji yalipanda kidogo katika nguzo ya mpakani, programu ikaonya, watu wakahamisha mbuzi wao. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Kisha yale maji ya awali yakapungua, na nguzo ya juu ya Kulyili ikaripoti mto uliotulia.

Asubuhi iliyofuata nayo ilionyesha hivyo hivyo. Kwenye ramani, doa la nguzo ya Kulyili lilikuwa la kijani kibichi. Napari alilitazama, akanywa uji wake wa koko, akalitazama tena. Sijui ni nini kilichomkereketa. Labda ni mawingu, ambayo upande wa kaskazini yalikuwa meusi kama sufuria ya ugali wa tuo zaafi. Labda ni kwamba doa lile halikutikisika. Mto haukai hivyo. Hata ukilala, hupumua: hupanda kidole, hushuka kidole.

"Wumpini," alisema, "kipimo cha Kulyili hakijabadilika tangu jana?"

"Mto umetulia. Si ndicho tunachokitaka?"

"Ndiyo. Lakini hata nukta?"

Kabla Wumpini hajajibu, fundi wa fugu wa duka la chini alipanda ngazi akihema. Alikuwa na shemeji anayeendesha lori la viazi vikuu kutoka kaskazini.

"Nyie watu wa maji," alisema, "mbona mmetulia hivi? Shemeji yangu amepiga simu sasa hivi, anasema barabara ya juu imekatika. Maji yamefika kwenye taa za gari. Hajawahi kuona kitu kama hicho tangu azaliwe."

"Juu wapi?" Napari aliuliza, na sauti ile ya mtu aliyeshiba ilikuwa imemkauka.

"Juu ya Kulyili. Huko huko kwenu."

Napari aliinuka kitini. Akachukua simu, akampigia mjomba wake. Haikupatikana. Akampigia Azara, binti wa mzee Tiyumba, ambaye walikua pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Iliita hadi ikakatika. Ndipo, bila kujua kwa nini, vidole vyake vikaipiga namba ya Sauti ya Mto. Akaweka simu sikioni.

"Mto umetulia," sauti yake mwenyewe ilimwambia, taratibu, kwa upole. "Nendeni mashambani kwa amani."

Simu ilimponyoka ikaanguka mezani, na hapo mezani ikaendelea kusema: nendeni kwa amani.

Wumpini alikuwa tayari ameufungua msimbo wa Napari kwenye kompyuta yake, ambako mkaguzi kilikuwa hakijazimwa. Ukurasa mzima ukawaka njano. Alipita juu ya nafasi, akapita juu ya mistari mirefu, macho yake yakitafuta, hadi yakakwama.

"Napari. Nguzo ikinyamaza, tunafanya nini?"

Napari aliiokota simu mezani, akaikata.

"Nakuuliza, tunafanya nini? Hapa pameandikwa 'pita'. Hivyo doa linabaki na kipimo cha mwisho? Nguzo zimekufa, ya mpakani na ya Kulyili, na sisi tunawaambia watu kipimo cha jana?"

"Nilikuwa nirudi," Napari alisema kwa sauti ya mtoto. "Wallahi nilikuwa nirudi."

"Kimekuonya! Kimeandika hapa, herufi kwa herufi, kosa limedakwa, hakuna kilichofanywa. Wewe ulisema ni safi!"

"Basi!" Hajia Zenabu alipaza sauti kutoka mlangoni. Uso wake ulikuwa umeparara kama jivu. "Mtalaumiana baadaye. Wumpini, izime ile namba. Izime sasa hivi, bora watu wasisikie kitu kuliko kusikia uongo. Mimi nampigia mtu wa redio. Napari, una namba za watu gani wa mtoni?"

Walipiga simu kama watu wanaozima moto kwa viganja. Hajia aliwafikia watangazaji wa redio, nao wakakatiza muziki. Wumpini alimpata imamu wa kijiji kimoja, akamwomba atangaze kwa kipaza sauti cha msikiti, akapata mwalimu wa shule wa kijiji kingine. Napari alipiga, ikakatika, akapiga, haikupatikana. Kulyili hakukuwa na aliyejibu. Mtandao wa huko ulikuwa umekwenda na maji. Hatimaye alinyakua funguo za pikipiki.

"Utapita wapi, barabara imekatika?" Wumpini aliuliza.

"Sijui," alisema, akashuka ngazi.

Alipita vijia vya mashamba ya juu, na njia nzima roho yake ilikuwa mkononi. Matope yalimrukia machoni, pikipiki ikateleza akaanguka, akainuka, akaondoka tena na goti linalovuja damu asilolihisi. Alisali kwa sauti. Alijipa matumaini, akayaogopa, akayatupa. Mjomba hakwenda shambani leo, alijiambia. Mgongo ulikuwa ukimsumbua. Azara angemzuia. Kisha aliikumbuka ile sauti iliyoshiba simuni, na matumaini yakanywea.

Aliwakuta watu wa Kulyili juu ya mwinuko wa shule, wamelowa, wamebeba watoto na kuku na redio na magodoro. Chini yao, mahali ambapo mashamba ya mpunga yalikuwa yametandazwa kama zulia, palikuwa na maji tu, ya rangi ya kahawia, yakienda kwa kasi bila kelele. Kwa bahati, watu wengi walikuwa upande wa huku maji yalipokuja, nao walikimbia walipoyaona. Walipoteza nyumba na akiba, si maisha.

Azara alikuwa amesimama peke yake ukingoni mwa mwinuko, kanga imemnata mwilini.

"Dada," Napari alisema. "Mjomba yuko wapi?"

Azara alimgeukia. Hakulia, na hilo lilimwogopesha zaidi.

"Alivuka asubuhi kwa mtumbwi kwenda kufukuza ndege mpungani. Nilimwambia, Baba, mawingu yale siyapendi. Ngoja kwanza." Akaonyesha ng'ambo kwa kidevu. "Akaniambia, subiri tumuulize Napari. Akapiga ile namba. Akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Tukakusikia."

Napari aliyatazama maji.

"Akacheka," Azara akaendelea. "Akasema, unaona? Mtoto amesema twende kwa amani."

Napari akaketi chini kwenye tope mbele ya watu wote.

Mzee Tiyumba alipatikana siku iliyofuata, mbali sana upande wa chini, amekwama kwenye matawi ya mti wa mshea. Wakamwosha, wakamsalia, wakamzika kabla ya jua kutua kwenye ardhi ya juu isiyofika maji. Kwenye dua ya siku ya tatu Napari alikaa nyuma kabisa ya mkeka. Hakuna aliyemtukana. Watu walimpa mkono kama wanavyompa kila mfiwa, na kila mkono ulimchoma kama kaa la moto, maana alijua ni nani aliyemvusha mzee mto. Imamu alipomaliza, Napari aliomba ruhusa ya kusema. Akawaeleza kila kitu, bila kupaka mafuta: kwamba nguzo zilikufa, kwamba programu ilitakiwa kusema haijui, kwamba alikuwa ameonywa, kwamba alimnyamazisha aliyemwonya. Wazee walisikiliza hadi mwisho. Mmoja akasema tu, "Tumesikia," na watu wakatawanyika.

Hajia Zenabu naye alikwenda kwa maofisa wa mkoa, akasema kosa ni la ofisi yake. Namba ilifungwa hadi programu ikaguliwe upya mstari kwa mstari. Zile nguzo za vijiji vya chini hazikuletwa. Napari aliandika barua ya kuacha kazi, Hajia akaikataa.

"Ukienda, nani atalirekebisha kosa hili?" alimwuliza. "Kuondoka ni rahisi. Kaa hapa ulione kila siku."

Wumpini pia alikuwa na lake. "Nilikikaza mno," alimwambia Napari siku moja, wakiwa wameinamia skrini moja. "Nilikifanya kipigie kelele kila unyasi, hata mwiba ukafichika. Hilo ni langu." Akaondoa manung'uniko ya nafasi na urefu, akabakisha maonyo yenye maana, na akafunga mlango mwingine kwenye mashine kuu, usiopitisha msimbo wowote wenye mstari wa njano, hata mwandishi akizima cha kwake. Napari alikiwasha tena mkaguzi katika kihariri chake. Kila kilipopiga mstari, alisimama, akausoma hadi mwisho, akautimiza kabla ya kuandika neno jingine.

Programu ikawa tayari. Lakini wakati wa kuijaribu, watu wa mtoni hawakuipiga. Mtu alikuwa akiisikia ile sauti, anakata. Sauti iliyokuwa ikiwatuliza sasa iliwatia baridi mifupani. Ilibidi apatikane mtu mwingine wa kurekodi, mtu ambaye wao wenyewe wangemwamini, na wazee wa Kulyili walipoulizwa walitaja jina moja.

Azara alikuja Tamale asubuhi ya Ijumaa, akiwa bado kwenye vazi la msiba. Alipanda ngazi, akasalimu, akakataa kiti.

"Nitarekodi," alisema. "Wapo watoto wengi kule. Lakini kwanza nataka kukiona."

"Kuona nini, dada?" Napari aliuliza.

"Hicho kitu ulichokinyamazisha."

Napari aliketi mbele ya kompyuta, akautafuta msimbo wa zamani waliouhifadhi, akaufungua hadi mahali pale. Azara aliinama karibu na skrini. Hakuwa amewahi kuona msimbo, na macho yake yalihangaika kati ya herufi. Napari akamwonyesha kwa kidole.

Chini ya neno moja fupi palikuwa na kimstari cha njano, chembamba kama uzi, kirefu kama punje chache za mchele zilizopangwa.

Azara alikitazama kwa muda mrefu.

"Hiki tu?" aliuliza.

"Hiki tu," Napari akasema, na machozi aliyoyazuia tangu siku ya mafuriko yakamshuka.

Azara akanyoosha mkono, akakigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetafuta mahali palipochomwa. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamwambia Wumpini amwonyeshe pa kusemea. Naye akasema maneno yaliyoandikwa, la kwanza kabisa likiwa lile ambalo halikuwahi kurekodiwa: "Hatujui hali ya mto. Msivuke."

Mdharau mwiba, mguu huota tende.